Mshale, Simu na Tochi: Nani Anasema Kweli Kuhusu Mwendo wa Gari?

Haisi imejaa, imetoka Bariadi inaelekea Lamadi. Mshale kwenye dashibodi unasema 88. Abiria wa siti ya mbele kashika simu, ramani inamwandikia 82. Askari wa usalama barabarani aliyejikinga jua chini ya mwarobaini akiipiga Haisi hiyo tochi yake ya kupimia mwendo sekunde hiyo hiyo, atasoma namba iliyo karibu kabisa na ile ya simu. Hapo ndipo ubishi huanza. Dereva anasema simu ni ya kuchezea, gari limetengenezwa na mainjinia. Abiria anasema setilaiti haidanganyi. Ajabu ni kwamba vifaa vyote vitatu vinaweza kuwa vizima, na hakuna aliyechezea chochote.

Zamani mtu wa Ngulyati, wilayani Bariadi, hakuwa na sababu ya kujiuliza swali hili. Kwenye barabara ya vumbi mwendo unaamuliwa na makorongo, mifugo na matope ya masika. Dereva anasikiliza springi, hatazami mshale. Mambo yalibadilika lami ilipofika. Tangu mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012, mji wa Bariadi umeunganishwa kwa lami upande wa Lamadi, karibu kilomita 72, na upande wa Maswa, karibu kilomita 50. Mkazi wa kata ya Ngulyati akishaifikia lami hiyo, iwe kwa Haisi au kwa mchomoko, yaani gari dogo la abiria, anaingia kwenye dunia ya vibao vya 50, tochi na faini ya shilingi 30,000. Humo tofauti ya kilomita sita kwa saa ina bei.

Tuanze na mshale wenyewe. Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schultze alisajili hataza ya spidomita ambayo kanuni yake iliendelea kutumika kwa karibu karne nzima. Waya unaozunguka kutoka kwenye gia boksi unazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku inakivuta kikombe bila kukigusa, springi nyembamba inakizuia, na mshale uliofungwa kwenye kikombe unasogea kadiri mzunguko unavyozidi. Magari ya siku hizi hayana waya huo. Yana kihisi kwenye gia boksi au kwenye magurudumu, kinachohesabu mizunguko na kuipeleka kwenye kompyuta ya gari. Lakini katika mifumo yote miwili kuna jambo moja ambalo halijabadilika: gari halipimi mwendo wa barabara. Linahesabu mizunguko ya gurudumu, kisha linazidisha kwa mzingo wa tairi ambao kiwanda kilidhani litakuwa nao. Tairi likiwa tofauti na lile la kiwandani, hesabu nzima inapotoka na gari halina namna ya kujua.

Kiwanda kinalijua hilo, na sheria inalijua pia. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi za Ulaya na nyingine nyingi, imeweka sharti lenye upande mmoja. Spidomita hairuhusiwi hata kidogo kuonyesha mwendo ulio chini ya ule halisi. Kuonyesha zaidi inaruhusiwa, mradi ziada isipite asilimia 10 ya mwendo halisi kujumlisha kilomita 4. Gari linalokwenda 50 kamili linaweza kuonyesha mpaka 59 na likahesabiwa kuwa zima. Linalokwenda 80 linaweza kuonyesha mpaka 92. Geuza hesabu hiyo: dereva anayesoma 80 anaweza kuwa anakwenda mwendo wowote kati ya 69 na 80.

Kwa hiyo kiwanda hakilengi ukweli. Kikilenga ukweli kamili, kosa dogo tu la kihisi au la tairi litalitupa gari upande uliokatazwa. Kinalenga juu kidogo, na ndiyo maana mshale wa gari jipya karibu kila mara unaitangulia simu kwa kilomita chache. Mtu akiuita huo uongo, ni uongo ulioagizwa na sheria, tena kwa faida ya anayevuka barabara.

Mpaka hapa hadithi inapendeza: mshale unazidisha, simu inasema kweli, dereva mwerevu anaongeza kilomita sita juu ya mshale na yuko salama na sheria. Mambo mengi yaliyoandikwa duniani kuhusu jambo hili yanaishia hapo, kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya watu wanaonunua magari mapya. Sisi hatununui magari mapya.

Magari mengi yanayopita Bariadi yalianza maisha Japani, na mengi yana umri wa miaka kumi na tano, ishirini na zaidi. Japani ilikuwa na kipimo chake. Katika ukaguzi wa gari lililo barabarani, mshale unapofika 40 mwendo halisi hupimwa juu ya rola. Kwa magari yaliyotengenezwa tangu Januari 2007, mwendo halisi unaokubalika ni kati ya kilomita 30.9 na 42.55. Kwa yale ya kabla ya hapo, kikomo cha juu kilikuwa 44.4. Isome tena hiyo namba ya mwisho. Gari la mwaka 2004 lingeweza kupita ukaguzi wa Japani mshale wake ukisema 40 huku lenyewe likikimbia 44. Ukipeleka uwiano huo kwenye mwendo wa barabara kuu, mshale wa 80 unaficha karibu 89. Sisemi kila IST au Haisi ya zamani iko hivyo. Nyingi zimetoka kiwandani zikizidisha kama magari mengine. Ninachosema ni kwamba ile kauli ya "spidomita haipunguzi kamwe" inahusu sheria ya magari mapya tu. Gari la mtumba halina hati hiyo mkononi.

Kisha yanakuja matairi, na hapa ndipo tunapojiharibia wenyewe.

Gari dogo likifika vijijini huonekana fupi. Linagusa katikati ya barabara, linapasua sampu, mwenyewe anachoka kulipeleka kwa fundi. Dawa inayojulikana kwa kila fundi ni kulinyanyua: spesa chini ya springi na tairi kubwa kidogo. Spesa hazigusi spidomita, ila tairi inaigusa moja kwa moja. Chukua gari lililokuja na tairi za 175/65R14. Namba hizo zinasema upana ni milimita 175, ukuta ni asilimia 65 ya upana, na rimu ni inchi 14. Ukijumlisha rimu na kuta mbili unapata kipenyo cha milimita 583. Lifunge sasa 185/70R14, ambazo ni rahisi kupata na zinaingia kwenye rimu ile ile. Kipenyo kinakuwa milimita 615. Ongezeko ni asilimia 5 na kitu. Kila mzunguko wa gurudumu sasa unalipeleka gari mbali zaidi kuliko kompyuta inavyodhani. Mshale ukisema 80, na kama mwanzoni ulikuwa unasema kweli, gari linakwenda 84.

Kama gari hilo mwanzoni lilikuwa linazidisha kwa asilimia 5, basi fundi wa Bariadi bila kujua amelirekebisha: mshale na simu sasa vinakubaliana. Lakini kama lilikuwa miongoni mwa yale ya zamani yaliyo pembeni ya kikomo cha Japani, makosa mawili yanazidishana, na mshale wa 80 unaweza kuwa karibu 94 barabarani. Huo ni mfano wa mwisho kabisa, haumkuti kila mtu. Hata hivyo hakuna kitu kwenye dashibodi kitakachomwambia mwenye gari kwamba yeye ndiye aliyekutwa. Na kwa 94 badala ya 80, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza inaongezeka kwa karibu asilimia 38, kwa sababu nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo.

Tairi kuisha kunafanya kinyume chake. Tairi jipya lina kashata za kina cha milimita 8 hivi, na likifika milimita 1.6 ni la kutupwa. Kwa tairi dogo nililolitaja, kipenyo hupungua kwa asilimia 2 kati ya mwanzo na mwisho, na mshale unazidisha kwa kiasi hicho. Upepo watu wanautilia mkazo kuliko unavyostahili. Mkanda wa chuma ndani ya tairi la radial hauruhusu mzingo kubadilika sana, hivyo tairi lenye upepo pungufu litakuharibia mafuta na kukupasukia kabla halijaidanganya spidomita kwa kiasi cha maana. La kuogopa zaidi ni matairi ya mtumba yenye saizi mchanganyiko, mbele hili, nyuma lile. Hapo mshale unasema mwendo wa upande ule kihisi kilipo.

Simu nayo inapataje mwendo? Wengi wanafikiri inaangalia ulipokuwa, inaangalia ulipo, kisha inagawanya kwa muda. Ingekuwa hivyo tu, isingefaa, kwa sababu mahali pa simu kwenye ramani pana kosa la mita kadhaa. Njia bora ni nyingine. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, zikikimbia karibu kilomita 14,000 kwa saa, na kila moja hutuma mawimbi ya redio yenye masafa yanayojulikana. Gari linaposogea kuielekea setilaiti, masafa yanayopokelewa hupanda kidogo. Likisogea mbali nayo, hushuka. Kipokezi kinalinganisha badiliko hilo kwa setilaiti kadhaa kwa mpigo na kupata mwendo moja kwa moja. Kwenye anga wazi, gari likiwa kwenye mwendo mmoja, kosa huwa chini ya kilomita moja kwa saa. Ni nadra mshale wa dashibodi kufika hapo.

Na Simiyu ni mahali pazuri kwa kipimo hicho. Nchi ni tambarare, miti imeachana, hakuna maghorofa ya kurudisha mawimbi kama Posta au Kariakoo kule Dar es Salaam, hakuna handaki. Niongeze jambo linalowapotosha wengi: kupokea mawimbi ya setilaiti hakuli bando wala hakuhitaji mnara wa simu. Kinachokula bando ni picha ya ramani. Programu ya kuonyesha mwendo peke yake inafanya kazi hata pale ambapo mtandao umekata kabisa.

Udhaifu wake ni wakati. Simu nyingi husasisha mwendo mara moja kwa sekunde, kisha programu hulainisha namba ili zisirukeruke. Ukikanyaga breki kuingia kijijini, simu itaendelea kusoma 70 kwa sekunde moja au mbili wakati gari limeshashuka 55. Ukikanyaga mafuta, inachelewa upande wa pili. Mshale unawahi zaidi. Kwa hiyo simu ni hakimu mzuri wa mwendo uliotulia, na ni mwongozaji mbaya kwenye mwendo unaobadilika. Kwenye barabara yenye vibao vya 50 kila baada ya kilomita chache, mwendo uliotulia ni nadra. Tena dereva anayetazama simu hatazami ng'ombe.

Tochi ya askari iko upande wa simu. Iwe ya rada au ya leza, inapima gari lenyewe, haihesabu magurudumu. Hata pembe inamsaidia dereva: askari akisimama pembeni ya barabara kwa nyuzi 10, kifaa kinasoma asilimia 98.5 tu ya mwendo halisi. Ndiyo maana utetezi wa "mshale wangu ulikuwa 50" mbele ya picha inayosema 58 unapaswa kumtia wasiwasi dereva mwenyewe kabla ya askari. Kama anasema kweli na tochi ni nzima, basi gari lake linapunguza, na linafanya hivyo kwenye kila kijiji anachopita. Mara nyingi jibu ni rahisi zaidi: alitazama mshale baada ya kumwona askari.

Hapo penye "kama tochi ni nzima" dereva ana haki ya kuuliza. Mkulima wa pamba wa Ngulyati akipeleka mzigo wake kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, haukubali mzani kwa sababu mnunuzi amesema ni sahihi. Anaukubali kwa sababu Wakala wa Vipimo, asiye muuzaji wala mnunuzi, ameukagua na kuugonga muhuri. Kifaa kinachomtoa mtu shilingi 30,000 kinastahili swali hilo hilo, na jibu lake liwe wazi kwa anayelipa: kilihakikiwa lini, na nani?

Kwa mabasi mambo yamekwenda mbele zaidi. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA, inayafuatilia mabasi kwa mfumo wa kufuatilia magari, VTS, ambao unasoma mwendo kutoka setilaiti. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha 80 kwa magari ya abiria na yale mazito yanayozidi kilo 3,500, na 50 kwenye makazi ya watu. Dereva wa basi anayeambiwa ofisini kwamba alipita 80, huku akiapa mshale ulikuwa 80 sawasawa, ana hoja inayoweza kuwa ya kweli. Mfumo unamhukumu kwa kipimo ambacho yeye hakioni akiwa kwenye usukani. Wamiliki wangelimaliza hili kwa kumwekea namba ya setilaiti mbele yake.

Kenya ilianza kwa njia nyingine. Masharti ya John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, yaliyoanza kutumika Februari 2004, yalitaka kila matatu ifungwe gavana, yaani kidhibiti mwendo, ya kilomita 80. Gavana ya aina ile hutegemea ishara ile ile ya gia boksi inayolisha spidomita, hivyo inarithi makosa yote ya tairi. Matatu iliyovishwa tairi kubwa inapita 80 bila gavana kujua. Ulaya sasa imechukua njia ya tatu: tangu Julai 2024 kila gari jipya linalosajiliwa kwenye Umoja wa Ulaya lina mfumo unaosoma vibao kwa kamera au kikomo kutoka kwenye ramani na kumwonya dereva. Magari hayo yatatufikia kama mitumba, tukijaliwa, baada ya miaka kumi na tano.

Kwa bodaboda sina mengi. Pikipiki nyingi huchukua mwendo kwenye gurudumu la mbele kwa waya, vumbi na matope huukata waya, na ukishakatika haubadilishwi kwa sababu pikipiki inaendelea kutembea. Mshale umelala kwenye sifuri mwaka mzima. Kujadili usahihi wake ni kujadili rangi ya nyumba isiyojengwa. Waya mpya ni wa bei ndogo.

Turudi kwa dereva mwerevu wa mwanzo, yule anayeongeza kilomita sita juu ya mshale kwa kuwa simu imemruhusu. Anapata nini? Kutoka Bariadi mpaka Lamadi kwa kilomita 72, mwendo halisi wa 80 bila kusimama ni dakika 54. Akiendesha kwa mshale wa 80 ambao kwa kweli ni 75, atatumia dakika kama 57 na nusu. Dakika tatu na nusu, ambazo zitaliwa na abiria mmoja anayeshuka Dutwa na gunia lake. Upande wa pili wa hesabu, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila ongezeko la asilimia 1 katika wastani wa mwendo linaongeza hatari ya ajali ya vifo kwa asilimia 4. Kutoka 75 kwenda 80 ni karibu asilimia 7. Biashara hiyo haina faida hata kwa anayependa kukimbia.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa usahihi, setilaiti imeshinda, haina ubishi. Kwa kuendeshea, mshale unatosha, kwa sharti moja: mwenye gari ajue unapotoka upande gani. Kulijua hilo hakuhitaji injinia. Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka kisicho na makazi, shika mshale kwenye 80 kwa nusu dakika, abiria asome simu. Asiye na simu ya namna hiyo atumie saa na nguzo za kilomita za TANROADS: kwa mwendo wa 80 kilomita moja ni sekunde 45, kwa 75 ni sekunde 48, kwa 90 ni sekunde 40. Kipande cha kilomita tano kinapunguza kosa la kidole kwenye saa.

Simu ikisoma chini ya mshale, acha ilivyo na usiidai tofauti hiyo, ni ya mtoto anayevuka kwenda shule. Simu ikisoma juu ya mshale, andika tofauti kwenye karatasi, ibandike dashibodini, na uipunguze kila unapokiona kibao cha 50. Rudia kipimo kila unapobadili saizi ya tairi. Na wewe abiria wa Ngulyati uliyekaa siti ya mbele, ukiona namba mbili hazikubaliani, msomee dereva ile iliyo kubwa.